Vidonge vya Dalali Zerbo

Mara ya kwanza kufanya biashara na Karfa Zerbo nilishindwa bei, na mimi sishindwi bei ovyo. Nilikuwa mnadani Pouytenga, siku ya soko kubwa, natafuta mafahali wa kupeleka Ghana. Nikaona wawili wekundu wa mfugaji mmoja wa Saheli. Nikauliza dalali wao nani, nikaonyeshwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya sufu kwenye jua lile la kuchoma.

"Wewe ni Sawadogo," akaniambia kabla sijamwamkia. "Nimekujua kwa mwendo. Wamossi wote mnatembea kama mnanusa nyama ya punda."

"Na wewe Msamo umekuja kuuza ng'ombe au kununua mbwa?"

"Mbwa nimemwacha chunguni, mke wangu anachochea. Leo namuuzia ng'ombe mtumwa wangu. Leta mkono."

Wamossi na Wasamo ni watani: wao hutuita wala punda, sisi huwaita wala mbwa, na kila mmoja humwita mwenzake mtumwa. Na hapa kwetu Pouytenga Wasamo ni wa kutafuta. Kwa hiyo Zerbo alikuwa mtani wa mnada mzima. Mchinjaji alimtukana, mpakiaji alimtukana, wanawake wa chakula walimvua kofia na kumlia ubwabwa wake, naye hakuwa na ruhusa ya kununa. Akinuna amekosea yeye.

Nikampa mkono. Dalali wa kwetu hushika mkono wa mnunuzi kwa huku na wa muuzaji kwa huku, anaivuta mpaka ikutane. Mimi nimejenga nyumba kwa kusoma mikono ya madalali. Kiganja kikipata unyevu, muuzaji ana shida nyumbani na dalali anaijua. Kidole kikibana, bei yangu imekaribia. Sasa huu mkono wa Zerbo ulikuwa mkavu, wa baridi, haukusema kitu. Nikataja bei ya matusi. Kimya. Nikamwachia nikaondoka, mbinu yangu ya tangu ujana. Hakuniita. Nilipogeuka nikamwona anatazama mbele kama mtu anayengoja ugali uive. Nikarudi mwenyewe, nikalipa karibu yote aliyotaka mfugaji.

Njiani nikawaza, huyu ana kitu. Dalali halipwi mpaka auze. Hata aliye mwaminifu namna gani, mnunuzi akigeuka mgongo damu inamchemka. Yake haikuchemka. Jioni ile ile nikamwona kwenye mtungi wa maji, amewapa watu mgongo, anarusha kitu mdomoni, anakunywa, anafuta midomo.

Nikasema, ahaa.

Vidonge si jambo geni kwetu. Wapakiaji wanameza tramadoli wabebe magunia bila kusikia mgongo, madereva wanameza wasilale, na meza za dawa zipo chini ya miavuli kandokando ya barabara, katikati ya betri na sabuni. Mtu wa namna hiyo simpi kamba ya mnyama wangu. Lakini Zerbo hakuwa na macho ya wale. Hakucheka hovyo, hakugombana, hakusinzia. Wafugaji wa kaskazini walimpenda kuliko dalali yeyote, wanalala kwake, wanaacha mifugo mikononi mwake na kwenda kuswali bila kugeuka nyuma. Mdhamini wao ni jina lake tu, hana kingine. Kwa hiyo niliendelea kununua kwake, jicho moja kwenye ng'ombe, la pili kwake.

Na jicho la pili lilipata chakula. Alianza kusahau. Aliniahidi mtamba mweupe, nikirudi ameshampa mtu wa Togo.

"Nilikuahidi lini?"

"Juzi, hapa hapa, umesimama hapo hapo."

"Sawadogo, naapa sikukuahidi."

Waongo nawajua, maana nimeishi nao na nimekuwa nikiwauzia. Mwongo husubiri kuona kama umemeza. Huyu hakusubiri chochote, alikuwa haelewi kweli. Hilo lilinitia shaka zaidi ya uongo. Uongo nitaupangia bei, lakini kichwa kinachovuja utakipangia nini?

Tulikuwa tunakula kwa Rakieta Kafando, langoni mwa mnada. Wali na maharage, mafuta juu, pilipili pembeni. Rakieta ni mwanamke mpana, ana mdomo, na hajawahi kumwacha Zerbo ashibe kwa amani. Siku hiyo alimjia kwa nyuma akamnyakua ile kofia ya sufu. Kila siku anamnyakua, ila siku hiyo kofia ilikuwa imekunjwa ukingo, na kutoka ndani ya ukunjo ikadondoka pakiti ya vidonge juu ya meza.

"He! Msamo anaficha nini kofiani? Meno ya mbwa?"

"Mama Rakieta, lete. Dawa ya tumbo hiyo."

"Dawa ya tumbo!" Akageukia benchi zima. "Jamani, tumbo lenye mbwa ndani likiuma unalipa dawa? Si unalipigia mluzi tu linatulia?"

Benchi likaanguka kwa kicheko. Mchinjaji mmoja akabweka.

"Lete basi, mama."

"Nikupe? Mateka wangu huyu! Niletee kichwa cha mbwa, ukibebe mwenyewe kichwani, uzunguke nacho mnada mara moja watu wakuone. Ndipo nitakurudishia." Akamtupia kofia, pakiti akaifunga kwenye pindo la khanga.

Zerbo akacheka. Nilikuwa nimekaa mbele yake na kijiko mkononi, nikaona kicheko chake kimekuja sisi tumeshamaliza. Akainama akala. Sasa najua angeweza kumvuta Rakieta kando amwambie, mama, hiyo dawa naihitaji kweli, nirudishie. Rakieta si mwanamke mbaya. Lakini angeulizwa, ya nini? Na wafugaji wake wawili walikuwa kwenye benchi lile lile. Nani anaacha kundi lake kwa mtu anayetibiwa kichwa? Utani ulimzuia kukasirika, na kazi ilimzuia kusema kweli. Akamaliza wali wake, akanawa, akaenda.

Soko lililofuata Zerbo hakuonekana. Nikajua. Amekimbia na mauzo ya watu, nikasema, kile kichwa hakikuwa kinasahau, kilikuwa kinapanga. Nikawasha pikipiki nikaenda kwake kabla wengine hawajashtuka, maana anayefika wa kwanza ndiye anayekuta kitu.

Nilimkuta amejifunika blanketi, joto la Aprili, anatetemeka. Nilipozima pikipiki mlangoni nilisikia kitu kimeanguka ndani. Alikuwa yeye, ameshuka kitandani na kujibanza ukutani. Mkewe, Kadi, alisimama katikati yetu.

"Ungeiacha mbali hiyo pikipiki, kaka."

"Kwani imemfanya nini?"

Akanieleza, na mimi nikamsikiliza kama ninavyosikiliza mtu anayesifia ng'ombe wake. Zerbo alikuwa msindikizaji wa mifugo huko upande wa Tougan. Siku moja watu wenye bunduki walikuja kwa pikipiki, wakachoma lori, wakaua dereva na wenzake. Yeye alilala kwenye mtama mpaka wakaondoka. Tangu siku hiyo akisikia pikipiki kifua kinambana, pumzi haipiti, mikono inakufa ganzi. Wakahamia Pouytenga, mji ambao hata mtoto anayenyonya analala kwa mlio wa pikipiki.

"Alikuwa anashinda chini ya kitanda," Kadi alisema. "Baba wa watoto wangu, chini ya kitanda. Anajisaidia kwenye kopo. Nikampeleka hospitali kwa yule nesi wa magonjwa ya akili. Akampa dawa mbili. Moja akasema ni ya muda mrefu, inafanya kazi polepole. Nyingine ya kutuliza, hii ya wiki chache tu, akasema, halafu tutaipunguza. Na kila wiki aende wakae, wazungumze. Ile ya kutuliza, kaka, siku ya kwanza tu alitoka nje akaota jua."

"Kisha?"

"Kisha akapata udalali. Chumba cha yule nesi mlango wake unatazama barabara, kila mtu anaona nani anaingia. Akaacha kwenda. Ile ya polepole akaitupa, akasema haina kitu. Ile ya kutuliza akaipata mezani, barabarani, bila cheti. Alianza nusu. Ikawa kimoja. Ikawa asubuhi na jioni. Sasa anameza na mchana, na hofu ipo pale pale, imekaa inamngoja."

Zerbo alisema kutoka ukutani, "Usinisemee kama maiti." Kisha kwangu, "Sawadogo, utasema sokoni?"

"Nikisema nitapata nini?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza."

"Sitapata kitu. Kwa hiyo sisemi."

Akacheka kidogo, meno yanagongana. "Basi soko lijalo nakuja. Nimeshaacha vidonge. Rakieta kanitibu bure, yeye na mdomo wake. Naona ni kama sigara, unakaza tu, inapita."

Nilimtazama jasho lililokuwa linamtiririka shingoni, nikaona hii si sigara. Lakini mimi nilijua nini? Nilitoka na hesabu moja tu kichwani: kama yale yote ni kweli, kidonge kimemtoa mtu chini ya kitanda kikamrudisha sokoni, halafu kikamwekea kamba. Muuzaji wa namna hiyo namfahamu vizuri. Anakupa mzigo mzuri kweli, mzuri wa kweli kabisa, na wewe ukishauzoea ndipo anapokuonyesha masharti.

Alikuja, kama alivyosema. Amevaa kofia yake, amekaza taya. Nilimpa mkono makusudi nikauona unaruka kama samaki. Wafugaji wawili walikuwa wanamngoja, akaanza kuwasemea bei, maneno yanapishana. Hapo langoni kijana wa magunia akapiga kiki pikipiki yake, bomba likalia paa.

Zerbo alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kumrusharusha, povu mdomoni, macho meupe. Watu wakarudi nyuma. Wako wanaoamini kifafa kinaambukiza ukigusa mate. Wengine wakapaza sauti, amelishwa sumu. Mimi nikamgeuza ubavu, nikamsukumia kofia chini ya kichwa, nikaita pikipiki ya magurudumu matatu. Wakati tunampakia niliona wale wafugaji wawili tayari wanafungua kamba za ng'ombe wao kwenye nguzo zake. Siwalaumu. Ningefanya hivyo hivyo, na kwa haraka zaidi.

Rakieta akaja mbio, mwiko mkononi. "Ana nini? Ana nini mtumwa wangu?"

"Zile dawa ziko wapi?" nikamuuliza.

Akashika pindo la khanga. Hakuuliza tena, akapanda nyuma pamoja naye.

Hospitali walimchoma sindano, akatulia. Yule nesi, Nikiema, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliigeuza pakiti mara mbili kwenye mwanga.

"Hii hakutoka nayo kwangu. Hii ya mezani. Hata sijui ndani yake kuna kiasi gani."

"Ile ya kwako ingekuwa bora?" nikamuuliza. "Si ninyi mliomwonjesha?"

"Ndiyo, mimi."

"Mlijua inafunga mtu?"

"Najua."

"Na ukampa."

"Ulimwona alivyokuja mara ya kwanza?" Nikiema alisema. "Alikuja amefunikwa shuka kichwani, mkewe anamvuta kama mbuzi. Mtu ambaye hawezi kutoka mlangoni utazungumza naye nini? Ile dawa inafungua mlango haraka. Ile nyingine inachukua wiki kadhaa, na mazungumzo yanachukua muda zaidi. Kwa wiki chache, kwa kipimo kidogo, na mimi namwona, ni dawa nzuri. Kwa miezi na miezi, peke yake, anajiongezea, mwili unaizoea mpaka unasahau kutulia wenyewe. Na mwili uliozoea hivyo ukiunyang'anya siku moja, unafanya ulichokiona leo. Wengine wanakufa."

Rakieta akakaa chini pale pale kwenye sakafu. "Mimi nilimtania," akasema. "Ni mtani wangu, nilimtania. Kwa nini hakusema?"

Nikiema aliandika kitu, kisha akasema tatizo ni lile lile moja: sasa atalazimika kumrudishia dawa ileile, halafu aipunguze robo kwa robo kwa miezi, huku ile ya polepole ikianza upya.

"Umrudishie?" nikasema. "Huyo si mteja amerudi dukani?"

"Ukitaka kumwita mteja, mwite. Akiacha ghafla nitampoteza. Akipunguza polepole nina nafasi."

"Nafasi kiasi gani?"

"Nzuri. Siuzi uhakika mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo. Mtu wa meza ya barabarani huuza uhakika.

Zerbo alipopata fahamu sawasawa nilimkuta amekaa kitandani, Rakieta amemletea bakuli la maharage na amekaa nalo mapajani, anaogopa kumpa.

"Nipe basi," Zerbo akamwambia. "Au mpaka nibebe kichwa cha mbwa?"

"Funga mdomo wako, Msamo. Umenizeesha." Akampa. "Ungesema."

"Ningesema nini, mama? Mbele ya wafugaji wangu wa Djibo? Kwamba dalali wao anaogopa pikipiki?"

"Ungesema ni dawa."

"Nilisema ni dawa. Mkabweka."

Nami nikaona nafasi ya kuuliza nilichotaka. "Wewe mwenyewe, Zerbo, unasemaje? Hicho kidonge rafiki au adui?"

Akaweka kijiko bakulini. "Wewe unataka kila kitu kiwe upande mmoja kwa sababu unanunua. Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Kilinitoa. Watoto walikula. Hilo silikatai hata mbele ya Nikiema. Lakini nilianza kusahau majina ya ng'ombe, Sawadogo. Mimi! Nilimwahidi mtu mtamba mweupe nikamuuzia mwingine, na nikaapa sikuahidi."

"Aliyeahidiwa ni mimi."

"Najua. Kadi aliniambia nilikuja nyumbani siku ile nikamsimulia ahadi yenyewe. Niliposikia hivyo nilitaka kuacha. Lakini kila nikiacha mchana mmoja, hofu ilirudi na ndugu zake."

Udalali uliishia pale. Wafugaji wa kaskazini walihamia kwa dalali mwingine, mtu mnene anayewaibia vizuri tu, lakini haanguki. Zerbo alikwenda mnadani mara mbili, akasimama kwenye nguzo zake tupu, watu wakamwamkia kwa heshima. Hilo ndilo lililomuuma, alisema. Hakuna aliyemtukana.

Nikaenda kwake na pendekezo, nikiwa nimeacha pikipiki mbali. Nilihitaji mtu wa kukagua mifugo mashambani kabla haijafika mnadani, maana nilikuwa nanunua ng'ombe wagonjwa. Macho yake kwa ng'ombe yalikuwa mazuri hata alipokuwa amelewa vidonge.

"Masharti," nikasema. "Dawa anashika Kadi. Unakwenda kwa Nikiema kila anapokuita, mlango utazame barabara, utazame msikiti, unaingia. Nikisikia umekaribia meza ya barabarani, basi."

"Na mimi nina yangu. Nakwenda kwa miguu au kwa gari la punda. Mnadani siingii siku ya soko. Na hunisomi kila asubuhi kama fahali wa kununua."

"Hilo la mwisho silitoi."

"Basi nisome kimoyomoyo, usinishike kidevu."

Tukakubaliana. Kupunguza kulichukua msimu wa mvua wote na mavuno. Nikiema alimkatia kidonge robo, akangoja, akakata tena. Kuna wiki alilia njiani akaomba kurudishwa kipimo cha nyuma, na Nikiema akamrudisha kidogo bila kumfokea. Nilichukia kuona vile, nikahesabu amerudi mwanzo. Hakurudi. Mara nyingine nilizunguka kwenye meza za dawa nikawauliza wauzaji kama Msamo mrefu amepita. Mmoja aliniambia amepita. Nikamfuata Zerbo mpaka shambani, nikamgeuza mifuko. Alikuwa na njugu. Yule muuzaji alikuwa anajitafutia mteja mwingine, mimi mwenyewe, kwa sababu aliniona nina wasiwasi.

Rakieta sasa humtania tena, lakini hanyakui kitu cha mtu, awe mtani au si mtani. Anasema mikono imekoma.

Zerbo aliacha robo ya mwisho mwanzoni mwa baridi. Ile ya polepole bado anameza, Nikiema hajasema lini itaisha na mimi nimeshauliza. Usiku mwingi analala. Usiku mwingine Kadi anamkuta amekaa uani anavuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa, mpaka ipite. Pikipiki ikimshtukiza bado anajibanza. Jina lake la udalali halijarudi na sidhani litarudi. Wageni waliokuwa wanalala kwake wanapita barabarani wanamwita kwa mbali.

Mimi nilipoteza dalali aliyenishinda bei, jambo ambalo si hasara, na nikapata mkaguzi ambaye tangu ameanza sijaleta mnyama mgonjwa hata mmoja. Namlipa chini ya anavyostahili, naye anajua, na kila baada ya mavuno ananidai nyongeza. Mwaka huu nimempa. Akichelewa asubuhi, bado natoka barabarani nimtazame macho yake kabla hajaniona.